Eddie Murphy: ipi ya kwanza?

SWALI: Shikamoo mzee wa filamu. Kaka yangu anashikilia kwamba hakuna filamu ya Eddie Murphy inayoizidi Beverly Hills Cop. Mimi nasema Coming to America. Tuamulie.

JIBU: Marahaba. Umeshinda, ila usimringie sana.

Coming to America (1988) naiweka juu kwa sababu ya ile sehemu ya duka la kinyozi. Itazame tena: Clarence, mwenye duka, ni Murphy. Yule mzee wa Kizungu, Saul, anayebishana naye kuhusu mabondia, naye ni Murphy, kafichwa chini ya vipodozi vya Rick Baker. Anajikatiza maneno mwenyewe, wala hushtuki.

Ya pili si ya kaka yako bado, ni Trading Places (1983). Matajiri wawili wazee wanamweleza bekoni ni nini, kana kwamba anasoma chekechea. Hajibu kitu. Anageuka tu, anatutazama sisi, moja kwa moja kwenye kamera. Kichekesho chote kimo kwenye macho.

Tatu, Beverly Hills Cop (1984). Askari wanaomvizia anawaagizia chakula, kisha ekzosi ya gari lao inajazwa ndizi. Safi, ila hadithi yenyewe ni ya kawaida.

Nne, The Nutty Professor (1996): mezani kwa akina Klump karibu kila mlaji ni yeye. Vichekesho vya ushuzi vingepunguzwa.

48 Hrs. (1982), filamu yake ya kwanza, sijaipanga. Ile ni ya risasi zaidi kuliko vicheko, na kaka yako asiitumie kukata rufaa.