Saa, vipimo na bei kwenye jarida

Umeuliza kama jarida lenu la mapishi na mitindo liandike "saa 2 usiku" au "20:00". Saa 2 usiku, na hilo neno usiku lisikosekane, maana saa 2 tupu inaweza kumfikisha mgeni ukumbini asubuhi. 20:00 waachieni watu wa ndege.

Ila mimi ningeanza na vipimo, ndiko wasomaji wanakoumia. Mwandishi akileta "kikombe 1 cha unga", mrudishieni aandike gramu. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni kama mililita 240, cha Australia ni 250, na kile cha chai hapo kwenu mnakijua wenyewe. Kwenye maandazi haina neno, unaongeza unga mambo yanakwenda. Keki haikusamehe. Joto la oveni nalo liandikwe 180°C, si "350" iliyonakiliwa kutoka mapishi ya Marekani. Hiyo ni Farenhaiti, na msomaji wa Mwanza ataunguza. Viungo vipangwe kwa jinsi vinavyoingia sufuriani.

Bei: "Sh 15,000" inatosha kama mnasomwa Tanzania tu. Mkivuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya andikeni TSh au KSh, la sivyo kitenge cha kawaida kitasomeka Nairobi kama vazi la kifahari.

Tarehe, mwezi kwa herufi: 3 Aprili 2025. Ikiwa 3/4, aliyezoea mtindo wa Kimarekani atasoma Machi. Majina ya vitabu na filamu, herufi za mlazo, basi.