Sorry sio pole, jamani

Juzi dada mmoja wa resepsheni huko Zanzibar kaniandikia, eti kila akimwambia mgeni sorry anajibiwa "it's not your fault", sasa anauliza kakosea wapi. Dada yangu hujakosea kitu, ila nimecheka kwa uchungu maana hilo neno mimi liliniletea barua ya onyo.

Nilikuwa weita kwenye hoteli moja ya ufukweni, jina naliacha. Mgeni Mwingereza kateleza kwenye ngazi za bwawa, mimi niko ng'ambo na sinia mkononi, nikafanya tulivyolelewa, sorry sorry sorry huku namkimbilia. Kwetu mtu akijikwaa hata kama humjui unampa pole, ukinyamaza unaonekana huna adabu. Kesho yake yule bwana yuko kwa maneja, mfanyakazi wenu mwenyewe kakiri, kaomba radhi mara tatu, basi hizo ngazi zina tatizo. Ngazi kavu kabisa! Na maneja ni Mswahili mwenzangu, pole anaijua vizuri tu, kasaini ile barua bila hata kuniuliza. Mpaka leo haijanishuka.

Sasa hivi nafundisha kiingereza waongoza watalii, na kila darasa jipya naanza na sorry kabla ya kitu kingine chochote. Asili yake ni ndugu wa sore, yaani maumivu, sio sorrow kama wengi tunavyodhani. Zamani ilikuwa ya kuumia moyoni, ya kuomba radhi ikaja kukaa juu yake, na mpaka leo zote mbili ziko hai, kinachoamua ni maneno yanayofuata. "Sorry to hear that" ni pole. "Sorry for your loss" ni pole ya msiba. "Sorry I'm late" hapo umeomba radhi. Ukiirusha peke yake kwa mtu aliyetoka kuanguka, wengi wataisikia radhi. Na tafadhali usimwambie mtu mzima "I feel sorry for you", hiyo ni kumwonea huruma, wengine wanaipokea kama dharau.

Hata mahakama zimeguswa. Ontario kule Kanada wana Apology Act ya 2009, kuomba radhi hakuhesabiwi kukiri kosa kwenye kesi za madai, na England na Wales walishaweka kifungu cha namna hiyo 2006. Kwahiyo hata kwao yule bwana, sorry zangu peke yake zisingemfikisha popote. Kwa maneja wetu zilitosha.

Wadogo zangu, acheni kukariri neno moja moja, shikeni sentensi nzima. Mgeni akianguka anza na "are you okay?", sorry ije baadaye na mkia wake. Sentensi nzima, narudia. Na wewe dada, akikujibu sio kosa lako, tabasamu tu mwambie "I know, we say it here". Ile "sorry?" ya kupandisha sauti usihangaike nayo, hajakusikia huyo, rudia ulichosema.