Maswali yenu kuhusu alkeni (haidrokaboni zenye bondi maradufu kati ya kaboni)

Tulichemsha ethanoli na asidi ya salfuriki ili tupate etheni, kikatoka kimiminika chenye harufu tamu. Tulikosea wapi?

Joto halikutosha. Kwenye nyuzi 140 hivi, ethanoli ikiwa nyingi, molekuli zake mbili hupoteza molekuli moja ya maji na kuungana kuwa etha. Iwekeni mbali na moto, kwani hulipuka upesi. Etheni inataka nyuzi 170 hadi 180, na balbu ya kipimajoto izame ndani ya mchanganyiko. Pimeni ethanoli sentimita za ujazo 20, kisha mimineni juu yake asidi kali 40, kidogo kidogo, chupa ikipozwa kwenye maji baridi. Mchanga kidogo hupunguza mapovu.

Mchanganyiko ukiwa mweusi msishtuke: asidi imeunguza ethanoli ikabaki kaboni, na hapo hutoka pia dioksidi ya salfa. Gesi hiyo ndiyo inayodanganya wengi, maana nayo, kama alkeni, huondoa rangi ya bromini. Ipitisheni kwanza kwenye mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi, ndipo mkusanye etheni juu ya maji. Mwishoni, toeni mrija majini kabla ya kuzima moto. La sivyo maji yatavutwa hadi kwenye asidi ya moto na chupa itapasuka.

Heksani nayo iliondoa rangi ya maji ya bromini. Je, ni alkeni?

Hapana. Tazama tabaka la juu: kama limekuwa la rangi ya chungwa, bromini imehama tu kutoka majini kuingia kwenye heksani. Kwa hekseni, ambayo ni alkeni, baada ya kutikisa, matabaka yote mawili hubaki bila rangi. Fanya jaribio mbali na jua, kwa sababu mwangani hata heksani humenyuka polepole kwa kubadilisha haidrojeni na bromini.

Propeni ikikutana na HBr (haidrojeni bromaidi), bromini inakaa kaboni ipi?

Ya katikati: hupatikana 2-bromopropani. Haidrojeni huenda kwenye kaboni ya pembeni, iliyokwisha kuwa na haidrojeni mbili, na chaji chanya hubaki katikati, ambako vikundi viwili vya kaboni huituliza. Hiyo ndiyo kanuni ya Markovnikov. Kukiwa na peroksaidi, mambo hugeuka na kupatikana 1-bromopropani. Mgeuko huo ni wa HBr, HCl haugeuki.

Fomula CₙH₂ₙ inatosha kuthibitisha alkeni?

Haitoshi. Saikloheksani ni C₆H₁₂ na haina bondi maradufu hata moja.