Usimtafute Mchawi Kwenye Skrubu: Maswali Yenu Kuhusu Gia za Baiskeli ya Milimani

Maswali ya safari hii karibu yote yana wimbo mmoja: "Nimebadilisha kitu fulani, sasa gia zimeharibika." Nimechagua sita. Ili tusipotezane njiani, dereila ni ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, kaseti ni lile fungu la meno kwenye gurudumu la nyuma, na chenwili ni meno ya mbele yanayozungushwa na pedeli. Kipipa ni kile kidude cha kuzungusha kwa vidole pale waya unapoingia kwenye shifta (kile kibonyezo cha kubadilishia gia kwenye usukani) au kwenye dereila.

Nimefunga cheni mpya baada ya ile ya zamani kutumika miaka. Kwenye tambarare mambo ni shwari, lakini nikisimama kwenye pedeli kupanda kilima inaruka kwa kishindo hadi goti linagonga usukani. Nimezungusha skrubu zote za dereila, wapi! Nifanye nini, fundi?

Pole kwa goti. Skrubu ulizozizungusha hazikuwa na kosa, na sasa itabidi uziweke upya (soma jibu linalofuata).

Kutoka pini moja ya cheni hadi nyingine ni milimita 12.7. Watu husema cheni ya zamani "imevutika", ila chuma chenyewe hakijavutika. Kilicholika ni pini na matundu yake, kidogo kidogo, na umbali ule ukaongezeka. Meno ya kaseti nayo yakalika kuifuata cheni hiyo hiyo. Wamezeeka pamoja na wamezoeana. Sasa umeleta cheni yenye vipimo kamili kwenye meno yaliyokwisha kupanuka: ukikanyaga taratibu inavumilia, ukiweka uzito wote inapanda juu ya jino na kuruka.

Angalia inaruka kwenye gia zipi. Ikiwa ni zile mbili tatu unazozipenda, huku nyingine zikishika vizuri, ni kaseti. Piga tochi uone: jino lililokwisha huwa limelala upande mmoja na kuchongoka kama pezi la papa. Hapo hakuna marekebisho, ni kununua kaseti. Chenwili nayo ikaguliwe, ingawa huchelewa zaidi kuisha.

Lakini ikiwa inaruka kwenye gia zote, kwa mpangilio, mara moja kila baada ya mizunguko kadhaa ya pedeli, basi kuna pingili iliyokaza, mara nyingi pale pale ulipounga. Zungusha pedeli kinyumenyume polepole huku macho yako yako kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya dereila. Pingili mbovu ikipita, dereila itashtuka. Ishike kwa mikono miwili, ikunje kidogo kwa upande, kushoto na kulia, mpaka ilegee.

Kwa siku zijazo, nunua rula ya chuma. Nafasi 24 za pini kwenye cheni mpya ni milimita 304.8. Kwenye baiskeli za gia 11 na 12 mimi huitoa cheni inapofika 306.3 hivi, yaani nusu asilimia. Kwenye gia 8 hadi 10 unaweza kungoja hadi 307. Ukiiacha ifike asilimia moja, kwa kawaida kaseti inaondoka nayo, na mfuko wako utalia mara mbili.

Nimenunua dereila mpya ya nyuma. Ina skrubu tatu. Naanza na ipi?

Huanzi na skrubu. Unaanza kwa kuchuchumaa nyuma ya baiskeli na kutazama. Ile kizimba yenye vigurudumu viwili inapaswa kusimama sambamba na meno ya kaseti. Kama imepinda kuelekea spoku, kisikio, yaani kile kipande cha fremu kinachobeba dereila, kimepinda. Kinyooshwe kwa kifaa chake au kibadilishwe. Kisikio kimetengenezwa laini makusudi ili kipinde chenyewe badala ya fremu, na mara nyingi kilipinda siku ile ile dereila ya zamani ilipovunjika. Kufunga dereila mpya kwenye kisikio kilichopinda ni kazi bure.

Sasa skrubu. Mbili zimeandikwa H na L, na kazi yake ni kuwa ukuta, hazina kazi nyingine. H inazuia cheni isidondoke nje kwenye jino dogo kabisa (kuanzia hapa "jino" ni duara zima la kaseti, si ncha moja), L inaizuia isiingie kwenye spoku kwenye jino kubwa. Hazisogezi gia za katikati hata kwa unywele, ndiyo maana nasema mchawi hayuko hapo.

Fanya hivi waya ukiwa bado haujafungwa. Cheni ikiwa kwenye jino dogo, tazama kwa nyuma: kigurudumu cha juu cha dereila kinatakiwa kining'inie chini ya ukingo wa nje wa jino hilo. Kaza H kama kimetoka nje sana, legeza kama kimeingia ndani. Kisha sukuma dereila kwa mkono hadi jino kubwa huku unazungusha pedeli polepole. Cheni ipande bila kulazimishwa, lakini ukisukuma kwa nguvu zaidi dereila igome. Ikigoma mapema, legeza L robo mzunguko. Ikizidi kwenda, kaza.

Hapa usifanye haraka. Mimi mwenyewe niliwahi kuiruka hatua ya L kwa sababu gia "zilikuwa zinaingia vizuri" pale nilipoitundika baiskeli. Kwenye kilima cha kwanza cheni ilipita jino kubwa, dereila ikaingia kwenye spoku na kujizungusha hadi juu. Spoku nne, kisikio, na dereila yenyewe, ambayo ilikuwa bado inanukia boksi.

Baada ya hapo ndipo waya. Shifta iwe imeachiwa hadi mwisho, cheni kwenye jino dogo, kipipa umekizungusha ndani kabisa kisha ukakirudisha nje mzunguko mmoja au miwili ili ubaki na nafasi ya kurekebisha pande zote. Vuta waya kwa mkono tu usiwe na ulegevu, funga. Bonyeza shifta mara moja. Cheni ikisita kupanda jino la pili, waya umelegea: zungusha kipipa kuelekea nje, nusu mzunguko, jaribu tena. Ikipanda lakini inakwaruza jino la tatu, au imeruka moja kwa moja hadi huko, waya umekaza mno: kirudishe ndani. Jino la pili likikaa kimya, nenda moja moja hadi juu na urudi.

Skrubu ya tatu, B, inaweka umbali kati ya kigurudumu cha juu na meno. Ipange cheni ikiwa kwenye jino kubwa. Kwenye dereila za zamani za gia 8 hadi 10 milimita 5 au 6 zinatosha. Kwenye gia 12 umbali ni mkubwa zaidi, na watengenezaji hutoa kipimo cha plastiki au hupiga alama kwenye kizimba chenyewe. Kitumie, macho hudanganya. Baiskeli yenye shokomzoba ya nyuma ipimwe mtu akiwa amekaa juu yake, kwa sababu umbali huo hubadilika uzito ukishuka.

Shifta yangu ni Shimano ya gia 10, dereila ni SRAM ya gia 10. Kumi kwa kumi, mbona hazikubaliani?

Kwa sababu shifta haijui kuhesabu hadi kumi, inajua kuvuta waya tu. Kila kampuni ina kiasi chake cha waya kwa mbonyezo mmoja, na dereila imepigiwa hesabu kwa kiasi hicho. Ukipanga gia tatu zikae, nne zitakataa. Hata ndani ya Shimano, shifta za milimani za gia 10 hazikubaliani na dereila za gia 9. Kaseti na cheni unaweza kuchanganya kampuni mradi idadi ya gia ni ile ile, lakini shifta na dereila ni mume na mke.

Nilibadilisha waya pamoja na ganda lake. Wiki ya kwanza safi kabisa, sasa gia zinachelewa kupanda. Waya ni feki?

Hapana. Ncha za ganda zimejikalisha vizuri kwenye vikombe vyake na waya umebaki na ulegevu kidogo. Robo au nusu mzunguko wa kipipa kuelekea nje na yamekwisha.

Ila kama inachelewa *kushuka* kuelekea meno madogo, usiguse kipipa kwanza. Huko waya haufanyi kazi, springi ndiyo inayorudisha, na springi inashindwa na msuguano. Tafuta ganda lililokunjwa kwa ukali, ncha iliyokatwa vibaya ikabaki imebonyea, au uchafu. Hakikisha pia hukuuziwa ganda la breki: la breki limesukwa kwa mzunguko na hujibana ukivuta, la gia lina nyaya zilizolala kwa urefu. La breki kwenye gia halitakaa sawa, na la gia kwenye breki ni hatari, linaweza kupasuka ukiibana kwa nguvu.

Nataka kuweka kaseti ya meno 10 hadi 51 badala ya 11 hadi 42. Cheni yangu inatosha?

Karibu hakika haitoshi, na kuna mambo mawili kabla ya cheni. Jino la meno 10 haliingii kwenye kitovu cha zamani chenye mifereji ya kawaida, linahitaji kitovu chenye mifereji ya aina ya Micro Spline (ya Shimano) au, kwa kaseti za SRAM, aina ya XD. Na dereila yako ina kikomo cha jino kubwa iliyotengenezewa, ambacho mtengenezaji hukitaja.

Yakikubali yote mawili, pitisha cheni kwenye chenwili kubwa na jino kubwa la kaseti *bila* kuipitisha kwenye dereila, tafuta mahali inapokutana, kisha ongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Hiyo ndiyo kanuni ya kawaida. Baadhi ya mifumo yenye chenwili moja huhitaji zaidi, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja na kaseti. Kama baiskeli ina shokomzoba ya nyuma, pima ikiwa imebonyezwa pale ambapo ekseli ya nyuma iko mbali zaidi na pedeli. Cheni iliyozidi urefu italegea na kupiga kelele. Iliyopungua itang'oa dereila siku utakapoingia jino kubwa kwa bahati mbaya.

Kaseti mpya, cheni mpya, waya mpya, kisikio nimenyoosha. Nikipanga gia za juu, za chini zinakataa. Nikipanga za chini, za juu zinakataa. Nimechoka.

Shika kaseti kwa vidole, gurudumu likiwa limetulia, uitikise kwa upande. Ikicheza hata kidogo, nati yake haijakazwa: inataka kama Nm 40 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Au kuna ringi nyembamba uliyoisahau kwenye boksi, au jino moja limewekwa na ringi mbili. Kama haichezi, hesabu nafasi za shifta, ukianza na ile iliyoachiwa hadi mwisho, kisha uhesabu majino ya kaseti: zilingane. Nimewahi kukuta shifta ya gia 11 kwa kaseti ya 10, na mwenye baiskeli alikuwa amehangaika nayo siku mbili.