Jibu: Chumvi haishikani mikono

Mdogo wangu wa Kidato cha Pili, futa huo mchoro sasa hivi. Umeuliza atomu zinaunganaje, na bondi ya ioni na ya kovalenti zinatofautiana wapi. Halafu ukaweka picha ya sodiamu na klorini zimeshikana mikono. Mchoro huohuo ndio ulionipotezea mwaka.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, mjomba wangu alikuwa anavuna chumvi Nunge. Mwalimu wetu wa tuisheni akatuambia kila atomu ina mikono: sodiamu mmoja, klorini mmoja, zikishikana basi, hiyo ndiyo molekuli ya chumvi. Tukakariri kama kaswida. Mtihani wa Kidato cha Nne ukauliza kwa nini chumvi kavu haipitishi umeme, lakini ukiikoroga kwenye maji inapitisha. Nikajaza ukurasa mzima wa mikono. Nikapata D ya kemia, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) ikanipita, nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ada ikatoka mfukoni mwa mjomba huyohuyo. Yule mwalimu alikula hela za wazazi wetu kila Jumamosi, na hata siku moja hakukaa akatuhesabia elektroni. Bado nina hasira naye, sifichi.

Shika hili: kabla hujachora chochote, hesabu elektroni za ganda la nje, kisha jiulize zimeishia wapi. Ukihesabu ganda kwa ganda kutoka ndani, sodiamu ni 2, 8, 1. Klorini ni 2, 8, 7. Ile moja ya sodiamu inahamia kwa klorini, inahama kabisa. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini inapata hasi (atomu yenye chaji hivyo ndiyo ioni), zinavutana. Kuvutana huko ndiyo bondi ya ioni yenyewe. Na mvutano hauchagui mwenza mmoja, unavuta pande zote: ndani ya punje, kila ioni ya sodiamu imezungukwa na za klorini 6, na kila ya klorini imezungukwa na za sodiamu 6, safu juu ya safu. Molekuli ya chumvi haipo! Weka punje ya chumvi ya mawe kiganjani, juani, utaona kona zake kama za kijisanduku. Ni mpangilio huo unaouona.

Ioni zikibanwa hivyo haziwezi kutembea, kwa hiyo umeme haupiti, na kuziachanisha kwa moto kunataka nyuzi 801 za Selsiasi. Maji yanaziachanisha bila jiko. Nilipokuwa narudia nilijaribu nyumbani: betri nne za tochi, waya, kitaa cha LED. Ncha za waya kwenye chumvi kavu, kimya. Nikamimina maji, nikakoroga, kitaa kikawaka, na viputo vidogo vikaanza kupanda kwenye ncha ya waya. Nilikaa pale sakafuni navitazama mpaka adhana ya magharibi.

Maji yenyewe ni habari nyingine. Pale oksijeni na haidrojeni zinachangia jozi za elektroni, hakuna inayohama kabisa, na hiyo ndiyo bondi ya kovalenti, kwa hiyo hapo sema molekuli bila wasiwasi. Lakini umefikaje hapo? Kwa kuhesabu zilezile za nje.

Sasa chora chumvi upya, uanze na hesabu, uiweke hapa leo usiku niikague. Usingoje Jumamosi ya tuisheni.