Kibali cha zimamoto kwa tamasha la wazi Dar: anza na ramani ya uwanja

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kupata kibali cha zimamoto kwa tamasha lako la chakula na muziki kwenye kiwanja cha wazi: watu kama 1,500, mabanda ya nyama choma, majiko ya gesi, jenereta na maturubai. Umeuliza pia kama umkabidhi kazi hiyo yule kijana aliyekuahidi kukutolea karatasi ndani ya siku mbili. Shughuli za namna hii nimeziandaa hapa Dar kwa miaka kadhaa, nyingi Kinondoni na chache Temeke, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Chora ramani ya uwanja kabla hujalipia kitu chochote. Wengi wanalipa wasanii, wanabandika matangazo mji mzima, na wiki ya mwisho ndipo wanakumbuka zimamoto. Mkaguzi akifika na kukuambia panahitajika geti la pili, na upande huo kuna ukuta wa jirani, utafanya nini? Ramani haihitaji msanifu. Karatasi ya A3 inatosha, ilimradi vipimo ni vya kweli: tembea na futi kamba, andika urefu na upana, weka jukwaa, mabanda, jenereta, vyoo, mageti, nguzo za umeme na mtaro kama upo. Onyesha pia barabara ambayo gari la zimamoto litaingilia. Mimi huacha njia ya mita nne isiyo na turubai, kamba wala gari la mtu, na naiandika kwenye ramani kwa rangi nyekundu ili hata mfunga maturubai aione.

Sasa ofisi. Kibali cha kufanya shughuli kinapitia serikali ya mtaa, kata, kisha ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Polisi nao wanahitaji taarifa ya maandishi. Sheria inataka isipungue saa 48 kabla, lakini ukiwapelekea wiki mbili kabla wanapata nafasi ya kupanga askari. Zimamoto ni mlango tofauti. Zamani walikuwa chini ya halmashauri, ndiyo maana hadi leo kuna waandaaji wanaodhani barua ya manispaa inamaliza kila kitu. Tangu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, hili ni jeshi la kitaifa, na liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hapa Dar kuna kamanda wa mkoa wa kizimamoto wa Ilala, wa Kinondoni na wa Temeke. Andika barua kwa kamanda wa eneo lako, eleza tarehe, saa, idadi ya watu na aina ya majiko, ambatanisha ramani, na omba mkaguzi aje kuona uwanja ukiwa mtupu. Mwenye kiwanja akikuonyesha cheti chake cha usalama wa moto, mshukuru na uendelee na barua yako: cheti kile kinahusu majengo yake, na maturubai na gesi unaleta wewe.

Kuhusu huyo kijana, achana naye. Malipo halali ya serikali yana kumbukumbu namba, unalipa benki au kwa simu na stakabadhi inakuja kwa jina lako. Kishoka anaweza kukupa karatasi yenye mhuri, lakini hajawahi kuona geti lako. Likitokea la kutokea, jina lililo kwenye barua ni lako, na waliomo ndani ni watu waliokuamini na kukulipa kiingilio.

Kwenye mageti ndiko nakuomba utulie zaidi. Februari 1, 2020 pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi katika uwanja wa Majengo, umati ulipobanana kwenye njia moja. Mwaka uliofuata, Machi 2021, wengine 45 walikufa Uwanja wa Uhuru wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Hakukuwa na moto Moshi, hakukuwa na moto Uhuru. Sasa fikiria watu hao hao na banda moja linawaka. Mtu akishtuka hukimbilia alikoingilia, hata kama kuna mlango mwingine mita kumi nyuma yake, kwa sababu ndio anaoujua. Kwa hiyo geti la tiketi lisiwe jembamba kuliko yote, na mageti mengine yawe pande tofauti za uwanja, yafunguke kwa nje, yaandikwe KUTOKA kwa herufi kubwa zenye taa yake. Kila geti liwe na mtu asiyeondoka hapo hata msanii mkubwa akipanda. Kufuli ni mwiko. Mabaunsa wanapenda kufunga mageti ya pembeni kuzuia wanaopenya bila kulipa. Wakalishe chini mapema, na uwaambie ni heri watu hamsini waingie bure.

Kwa nafasi, hesabu inayotumika sana ni nusu mita ya mraba kwa mtu aliyesimama. Watu 1,500 mbele ya jukwaa wanataka mita za mraba 750 zilizo wazi kabisa, kabla hujahesabu mabanda na meza. Kama kiwanja hakitoshi, punguza tiketi.

Gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu. Inatambaa chini na kutuama kwenye shimo au mtaro, ikisubiri cheche. Mitungi isimame wima, nje ya turubai, mbali na mtaro, na isilazwe kamwe. Kila mpishi aje na regulata nzima na mpira usio na nyufa, ulioshikwa kwa klipu ya chuma. Waya wa kufungia usikubali. Asubuhi ya shughuli mimi hupita na povu la sabuni kwenye kila kiungo: likitoa mapovu, jiko hilo haliwashwi. Mitungi ya akiba ikae sehemu moja yenye uzio, isirundikwe nyuma ya mabanda. Nyama choma ya mkaa nayo ipangwe kwa kufuata upepo. Msimu wa kusi weka majiko upande wa kaskazini wa uwanja, na kaskazi ikivuma yahamie kusini, ili cheche na moshi viende mbali na watu na maturubai.

Vizimia moto: kila banda la kupikia liwe na cha poda na blanketi la moto, na cha kaboni dioksaidi kiwe karibu na jenereta na mitambo ya muziki. Mkaguzi atatazama tarehe ya huduma ya mwisho na mshale kama uko kwenye kijani. Ila mimi najali zaidi kama mama lishe anajua kuvuta pini. Watu wa zimamoto hukubali kuwafundisha wapishi wako ukiwaomba kwa heshima, nami sijawahi kuona muda uliotumika vizuri kuliko huo. Wakariri jambo moja: mafuta ya kukaangia yakiwaka, funga gesi, funika sufuria, usimwage maji.

Jenereta ikae nje ya umati, izungushiwe kamba, isijazwe mafuta ikiwa ya moto. Waya wa ekstensheni ya drumu uvutwe wote. Ukiachwa umejikunja huku unabeba mzigo mkubwa unachemka mpaka plastiki inayeyuka. Fataki zina kibali chake, na kwenye kiwanja chenye maturubai ningeziacha.

Siku yenyewe namba 114 iwe imeandikwa kila banda, na MC awe na maneno ya kuwatuliza watu na kuwaelekeza mageti, ameyasoma kabla. Ukishapima kiwanja, weka vipimo hapa na upande barabara ilipo, tuangalie pamoja mageti yakae wapi.