Mdogo wangu uliyepata sapu ya imunolojia, acha kumeza madesa

Jumapili nilipokea ujumbe: "Shikamoo dada, nimepata sapu, seli B zinanichanganya, nifanyeje?" Marahaba mdogo wangu. Umenirudisha mwaka wangu wa pili hapa Moshi, nami nilipopata sapu, mtihani wa kurudia, kwenye somo hilohilo la kinga ya mwili.

Swali lilikuwa: seli B changa, yaani seli ya kinga ambayo ikikomaa hutengeneza kingamwili, ikinasa molekuli za mwili wenyewe, inakuwaje? Nikajibu kwa mstari mmoja wa madesa, zile notisi za kukariri: inauawa kwenye uboho. Mhadhiri akasema mbele ya darasa, "Huyu ni kasuku." Mpaka leo linaniuma.

Likizo ile nilishinda na mama kwenye kibaraza anakoshonea, karibu na soko la Mbuyuni. Mteja akaleta gauni linalombana mikono. Mama akashika wembe, akafumua mkono uzi kwa uzi, kiwiliwili hakukigusa, akapachika mkono mwingine. Nikakimbilia daftari.

Kipokezi cha seli B, kile inachonasia vitu, kina mnyororo mzito na mwepesi. Kikinasa kwa nguvu kitu cha mwili wenyewe, seli haifi hapo hapo. Inasimama kukomaa, inapanga upya jeni za mnyororo mwepesi. Ule mzito unabaki, kama kiwiliwili cha gauni. Nafasi za kapa, aina moja ya mnyororo mwepesi, zikiisha, inaweza kuhamia lambda, aina ya pili. Tafiti za panya za mwaka 1993 ndizo zilizolionyesha hili.

Nikamweleza mama. Akauliza, "Na mkono mpya ukibana tena?" Hapo ndipo seli inapokufa, mama. Nyingine, zinazokutana na molekuli zinazoelea na kunasa kwa udhaifu, huachwa hai ila zimezimwa, haziitikii, wala hazidumu. Na si seli chache: utafiti wa mwaka 2003 kwa binadamu ulikuta asilimia 55 hadi 75 ya kingamwili za seli B changa kabisa zinanasa vitu vya mwili wenyewe. Mchujo huu ukilegea, kingamwili hugeukia hata DNA yetu, kama kwenye lupasi, ugonjwa wa mwili kujishambulia.

Sapu niliipita vizuri, na ninajivunia hilo. Wadogo zangu, mnataka kuwa madaktari, basi acheni kumeza madesa! Eleza kwa mtu wa nyumbani. Akiuliza "halafu?", jibu. Akiuliza tena, jibu tena. Ukikwama, rudi kitabuni, kisha umweleze upya. Mgonjwa wa lupasi naye atakuuliza kwa nini mwili wake unajishambulia, na madesa hayatakuwepo mezani.

Wewe wa Jumapili, chora minyororo yote miwili, onyesha unaobadilishwa, unitumie picha kabla ya mtihani. Nitaikagua.